Jumla kwa Hela Ipi?

Mazungumzo haya yalitangazwa redioni juma hili.

Ndugu wasikilizaji, miezi mitano iliyopita, katika kipindi hiki hiki, nilizungumza nanyi juu ya matumizi ya nyumbani. Nilisema yale ambayo watu wa makamo yangu hupenda kuyasema: kwamba wengi wetu hatujui kupanga, kwamba anayenunua sukari robo kila siku hulipa zaidi ya yule anayenunua kilo tano kwa mara moja, na kwamba dawa yake ni kununua vitu kwa jumla. Nikafunga na methali, nikaaga, nikarudi nyumbani nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

Jioni ya siku iliyofuata nilikuwa nimesimama dukani mtaani kwetu, hapa Dar es Salaam, nangoja zamu yangu. Mbele yangu alikuwa mtoto wa kiume wa miaka kama tisa. Akataja aliyotumwa: mafuta ya kula ya mia tano, sukari robo, sabuni kipande. Mama yake alikuwa amesimama nyuma yangu. Ni mama ninayemfahamu, tunakaa ua mmoja, naye hupika chapati na maandazi asubuhi pale kituo cha daladala. Akanisalimu.

"Shikamoo mzee. Jana nimekusikia redioni."

"Marahaba mama. Umeyaonaje?"

"Maneno mazuri, baba. Ila hapo uliposema tununue kwa jumla, jumla kwa hela ipi?"

Mwenye duka akacheka. Mimi nikacheka pia, lakini jibu sikuwa nalo. Ndugu wasikilizaji, mazungumzo ya leo ni jibu langu kwa mama yule. Limechelewa miezi mitano, na sehemu kubwa ya jibu lenyewe amenifundisha yeye.

Kwanza nilitaka kujua kama nilichosema kilikuwa kweli au nilikuwa nakariri tu. Nikachukua chupa tupu ya maji ya nusu lita, nikaenda dukani kununua mafuta ya kupima, kipimo kimoja baada ya kingine, mpaka chupa ikajaa. Vilikwenda vipimo saba. Kwa shilingi 500 kila kipimo, nusu lita ilinigharimu shilingi 3,500, na lita nzima ingekuwa shilingi 7,000. Katika rafu ya duka lile lile lilikuwapo dumu la lita tano la mafuta ya namna ile ile kwa shilingi 27,000, ambayo ni shilingi 5,400 kwa lita. Yaani mwenye fedha kidogo analipa shilingi 1,600 zaidi kwa kila lita kuliko mwenye fedha nyingi.

Nikaangalia na sukari. Kilo ilikuwa shilingi 2,800, robo ilikuwa shilingi 800. Robo nne ni shilingi 3,200. Nikaangalia mkaa. Gunia lilikuwa shilingi 70,000, na mkaa kwa kipimo cha sado ulikuwa shilingi 2,000. Nilipomwuliza muuzaji, aliniambia gunia lake hutoa sado 48. Zidisha mwenyewe: ni shilingi 96,000.

Bei hizi ni za mtaani kwangu siku zile. Kwako huenda ni tofauti, na huenda zimebadilika tangu nilipoziandika. Lakini chukua chupa yako na kalamu yako, fanya hesabu kama hiyo, na nina hakika utaona mteremko unaelekea upande ule ule.

Sasa, yuko mtu atakayesema kwamba wenye maduka ni wanyonyaji. Mimi sisemi hivyo. Mwenye duka ndogo hufungua alfajiri na kufunga usiku, husimama akipima mia tano mia tano, mafuta mengine humwagika, mengine hubaki kwenye kipimo, na fedha yake imelala ndani ya dumu mpaka tone la mwisho liuzwe. Zaidi ya yote, anamwuzia mtu mwenye mia tano, ambaye duka kubwa halina habari naye. Hiyo ni huduma, na huduma ina bei. Swali ni kwa nini sisi tununue huduma hiyo kila siku ya maisha yetu.

Wenye umri wangu tunakumbuka mwanzoni mwa miaka ya 1980, sukari na sabuni vilipokuwa vya foleni. Wakati ule aliyebahatika kupata mche mzima wa sabuni aliununua, hata kama anacho kipande nyumbani, kwa sababu hakujua mche mwingine utaonekana lini. Baada ya biashara kulegezwa katikati ya miaka ile, bidhaa zilirudi, na taratibu zikaanza kukatwakatwa. Leo hakuna kitu kisichouzwa kidogo. Dawa ya meno ipo ya kidogo, sabuni ya unga ya pakiti ya kufulia mara moja, muda wa maongezi wa siku moja. Tumeepukana na foleni. Lakini tumezoea kuishi kwa siku, na siku ndiyo kipimo kilicho ghali kuliko vyote.

Narudi kwa mama wa chapati. Kwa kupika kwake alikuwa akitumia nusu lita ya mafuta kwa siku, na mkaa sado mbili. Tukakaa barazani tukaandika. Mafuta ya kupima yalimgharimu shilingi 3,500 kwa siku. Kwa bei ya dumu yangekuwa shilingi 2,700. Hapo kuna shilingi 800 zinapotea. Mkaa wa sado mbili ulikuwa shilingi 4,000. Kwa bei ya gunia ungekuwa kama shilingi 2,900. Hapo kuna shilingi elfu moja na ushei. Jumla ni kama shilingi 1,900 kila siku, na yeye anapika siku 25 kwa mwezi. Ndugu wasikilizaji, hizo ni zaidi ya shilingi 45,000 kwa mwezi, kutoka katika biashara ya mwanamke anayeamka saa tisa usiku.

Lakini bado hatujamaliza. Kwa kuwa faida ilikuwa ndogo, kila mara mtoto alipougua au kodi ya chumba ilipofika, alikwenda kukopa. Mnaijua mikopo ile ambayo watu wameipa jina la kausha damu. Alikuwa amechukua shilingi 100,000, na kila jioni kijana alipita na daftari kuchukua shilingi 4,500, kwa siku 30. Hesabu yake ni shilingi 135,000. Na akimaliza, anachukua mwingine. Aliniambia siku moja chapati hazikutoka kwa sababu ya mvua, kijana akaja akakaa kwenye ngazi ya mlango wake mpaka saa nne ya usiku, watoto wakimtazama.

Hapo ndipo nilipoelewa swali lake. Yeye hakuwa mvivu wala mfujaji. Alikuwa nyuma kwa siku moja tu, na siku hiyo moja ndiyo ilikuwa inamla: inamla dukani, inamla kwa muuza mkaa, kisha jioni inakuja na daftari.

Basi jibu langu kwa mama yule, na kwa kila anayeuliza jumla kwa hela ipi, si kwamba anunue kwa jumla. Jibu ni kwamba atafute namna ya kutangulia mbele kwa wiki moja, kwa kitu kimoja tu. Asianze na vitu vyote. Aanze na kimoja.

Tulifanya hivi. Tulichagua mafuta, kwa sababu anayatumia kila siku na hayaozi upesi. Dumu zima hakuliweza, lakini alikuwapo mama mwingine anayepika vitumbua upande wa pili wa barabara. Wakachanga, kila mmoja shilingi 13,500, dumu likagawanywa nusu kwa nusu mbele ya macho yao wote wawili. Nusu yake, lita mbili na nusu, ilimtosha siku tano.

Sasa sikilizeni sehemu hii, maana ndiyo iliyo kiini cha mazungumzo ya leo. Nilimwomba aendelee kujilipisha bei ya zamani. Kila asubuhi, kama vile bado ananunua vipimo saba dukani, atumbukize shilingi 3,500 kwenye kibubu. Baada ya siku tano kibubu kilikuwa na shilingi 17,500. Akatoa 13,500 za nusu dumu jingine, zikabaki 4,000. Baada ya siku tano nyingine, 4,000 tena. Baada ya siku 25 za kupika alikuwa na shilingi 20,000 ambazo hakuzipunguza kwa mlo wa mtoto wala kwa nauli yake. Zilikuwa zake tangu zamani, ila zilikuwa zinamwagika njiani.

Wengi wetu hukosea hapa hapa. Tukipata kitu kwa nafuu, ile nafuu inatoweka siku ile ile kwa soda, kwa vocha, kwa kitu kingine. Tunasema tumeokoa, lakini ukiuliza fedha iliyookolewa iko wapi, hakuna ajuaye. Fedha ambayo haikuwekwa mahali haijaokolewa. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na mimi naongeza kwamba nafuu bila kibubu nayo haina habari.

Mtauliza: zile 13,500 za kwanza zilitoka wapi? Hapo lazima niwe mkweli. Zilitoka kwangu. Nilimkopesha bila riba, naye alizirudisha kabla mwezi haujaisha. Sisemi hili ili nisifiwe, kwa maana nitawaeleza nilizipata vipi, nanyi mtaona kwamba sifa haimo.

Wiki ile ile niliyoaibika dukani, nilinunua daftari dogo nikaanza kuandika kila senti niliyotumia. Mimi ni mtu mwenye kipato cha mwezi, na nilikuwa nimezoea kumwambia mke wangu apunguze matumizi ya jikoni. Mwisho wa mwezi nilisoma daftari langu. Jikoni hakukuwa na kosa. Kosa lilikuwa mfukoni mwangu. Nilikuwa nimekwenda kwa wakala kutoa fedha kwenye simu mara kumi na moja, elfu kumi leo, elfu tano kesho, na kila mara nimekatwa ada, ilhali mara mbili zingetosha. Nilikuwa nimenunua bando la siku karibu kila siku, wakati lile la mwezi lingenitosha kwa fedha pungufu. Nilikuwa nimepanda bodaboda kwa safari ambazo, kama ningetoka nyumbani dakika ishirini mapema, ningepanda daladala. Ndugu wasikilizaji, mimi niliyewahubiria muache kununua robo ya sukari nilikuwa nanunua fedha zangu mwenyewe kwa robo.

Julai 2021 Serikali ilipoanzisha tozo kwenye miamala ya simu, nchi nzima ililalamika, na watu wakaanza kuhesabu kila shilingi inayokatwa. Tozo ile ilipunguzwa baadaye. Lakini ada za kutuma na kutoa zilikuwapo kabla yake, na sikumbuki kama wengi wetu tulizihesabu. Kinachokatwa kidogo kidogo hakipigi kelele.

Mke wangu alisoma daftari lile, akaniuliza neno moja tu. "Sasa, baba, nipunguze chumvi?" Sikuwa na la kujibu. Kutokana na daftari hilo ndipo zilipopatikana zile 13,500.

Kwa hiyo nawaambia wenzangu mnaolipwa kwa mwezi na mnaonunua gazeti: ninyi mnaweza kumtanguliza mtu wiki moja bila kuumia. Kama una dada wa kazi nyumbani na anaomba sehemu ya mshahara wake mapema ili anunue kitu kwa bei nafuu, mpe. Kama unamtumia mama kijijini fedha mara nne kwa mwezi, mtumie mara moja, ada utakazookoa ziwe zake. Kama una fundi anayekudai, mlipe leo, usimwambie apite Jumatatu, kwa sababu kati ya leo na Jumatatu anaweza kwenda kwa wenye daftari. Kumchelewesha mtu wa chini ni kumtoza faini kwa kosa lako.

Sasa nizungumzie mitego, maana kununua kingi nako kuna mitego yake, na sipendi mama mwingine anikamate dukani.

Mtego wa kwanza ni kwamba kitu kikiwa kingi hakipimwi. Mafuta ya kipimo kimoja mtu huyaangalia. Dumu zima mtu hulimimina. Marehemu mama yangu alikuwa na chupa moja ya kijani. Kila Jumamosi alichukua mafuta ya wiki kutoka kwenye dumu, akayatia kwenye chupa ile, dumu likafungiwa chini ya kitanda. Chupa ikiisha Alhamisi, tulikula mboga ya kuchemsha hadi Jumamosi. Wakati ule tuliona ni ubahili. Leo naona alikuwa na hekima: alinunua kama tajiri na kutumia kama mtu anayepima.

Mtego wa pili ni kudhani kwamba kikubwa daima ni nafuu. Si kweli. Mtaani kwangu mtungi wa gesi wa kilo 6 nilikuta unajazwa kwa shilingi 24,000, ambayo ni shilingi 4,000 kwa kilo. Ule wa kilo 15 ulikuwa shilingi 57,000, ambayo ni shilingi 3,800 kwa kilo. Tofauti ipo, lakini ni ndogo, na mtu hana haja ya kukopa ili aipate. Katika maduka makubwa nimeshaona pakiti kubwa ikiwa ghali kwa kilo kuliko pakiti mbili ndogo. Gawanya bei kwa uzito, kila mara. Na usiangalie ukubwa wa pakiti, soma gramu zilizoandikwa, kwa sababu pakiti huweza kubaki ile ile huku kilichomo kikipungua.

Mtego wa tatu ni kuharibika. Unga wa dona haukai kama ule wa sembe iliyokobolewa. Maharage hupata wadudu. Nyanya ya sado nzima kwa mtu anayeishi peke yake ni kununua takataka. Lakini sabuni ya mche, kinyume chake, hufaidika kwa kukaa. Ukinunua mche mzima, ukate vipande, uviache mahali penye hewa vikauke kwa wiki mbili au tatu, vitakuwa vigumu na vitakwisha polepole kuliko sabuni mbichi. Ndiyo maana kwa asiyejua aanzie wapi, namshauri aanze na sabuni.

Mtego wa nne ni kipimo chenyewe. Sote tunalijua neno lumbesa, lile gunia linaloshindiliwa na kuongezewa kilemba juu, ambalo mkulima huliuza kwa bei ya gunia la kawaida. Gunia hilo likifika mjini, lumbesa inageuka. Kilemba kimetoweka, na kopo la kupimia limebondwa kitako kikaingia ndani. Mkulima amepunjwa juu na mlaji anapunjwa chini. Kabla hujapimiwa, omba ulitazame kopo ndani. Penye mizani, angalia kama mshale au tarakimu zinaanzia sifuri kabla kitu hakijawekwa, na kama pana stika ya Wakala wa Vipimo. Mtungi wa gesi nao umeandikwa ubavuni uzito wake ukiwa mtupu. Omba upimwe mbele yako, toa uzito wa mtungi, utajua umepewa gesi kiasi gani. Kuuliza si kumtukana muuzaji. Muuzaji mwaminifu hufurahi, kwa kuwa anapata ushahidi.

Nije kwenye umeme, kwa sababu hapo pana jambo ambalo wapangaji wengi hawalijui. Katika bei za umeme zilizopitishwa mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani alilipa shilingi 100 kwa kila uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi, na kila uniti iliyozidi hapo shilingi 350, kabla ya kodi na tozo. Sasa chukueni ua kama wetu, wenye familia nne na mita moja ya LUKU. Kila familia ikitumia uniti 25 tu kwa mwezi, jumla ni uniti 100. Kama kila familia ingekuwa na mita yake, wote kwa pamoja wangelipa shilingi 10,000. Kwa mita moja hesabu inakuwa shilingi 7,500 za uniti 75 za kwanza, na shilingi 8,750 za zile 25 zilizozidi, jumla shilingi 16,250. Watu wanne wenye matumizi madogo wamehesabiwa kama tajiri mmoja. Zungumzeni na mwenye nyumba juu ya mita za kila mpangaji. Na kabla hajakubali, angalieni taa. Balbu nne za zamani za wati 60, zikiwaka saa tano kila usiku, hutumia uniti 36 kwa mwezi. Taa nne za LED za wati 9, kwa saa zile zile, hutumia uniti 5 na nukta 4. Hapa mtu amepunguza umeme mwingi bila kukaa gizani.

Kwa upande wa jiko sitasema mengi, akina mama na vijana wanaojipikia wanajua kuliko mimi. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha hula mkaa kidogo. Sufuria iliyofunikwa huchemka upesi. Jiko lenye udongo wa kufinyangwa ndani, la namna ile iliyoenea kutoka Kenya tangu miaka ya 1980, hutunza moto kuliko la bati tupu. Kwa maji ya kununua, kumbukeni kwamba uniti moja ya maji ya bomba ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Mwombe jirani mwenye bomba akuonyeshe ankara yake, gawanya bei ya uniti kwa 50, kisha ulinganishe na unachomlipa mwenye mkokoteni. Huenda mkaona ni heri kuchangia bomba moja.

Nimalizie pale nilipoanzia. Mama wa chapati alipofikisha zile siku 25, alikwenda na wenzake watatu wakanunua gunia la mkaa, shilingi 17,500 kila mmoja, sado 12 kila mmoja. Kibubu kikaendelea kudai bei ya zamani, safari hii ya mafuta na ya mkaa pia. Mkopo aliokuwa nao aliumaliza kama ulivyokuwa, na kijana wa daftari alipokuja kumwuliza kama achukue mwingine, alimwambia asubiri kwanza. Sasa ni mwezi wa tatu anasubiri.

Hajatajirika. Bado anaamka saa tisa, bado amepanga chumba kimoja, na juzi mtoto alipougua malaria kibubu kilivunjwa chote. Lakini kilikuwapo cha kuvunja, hakwenda kwa kausha damu, na Jumatatu iliyofuata alianza tena. Aliniambia maneno haya: "Baba, siku hizi mwenye duka ananiuliza kama nimehama."

Nilimwuliza kama naweza kusema habari zake redioni. Akasema niseme, ila nisitaje jina, na safari hii nisiseme neno jumla mpaka niwe nimesema hela inatoka wapi.

Ndugu wasikilizaji, wazee walipima nafaka kwa kibaba, na vibaba vinne vikafanya pishi. Tunapenda kusema haba na haba hujaza kibaba. Ni kweli. Lakini haba na haba hukimwaga pia. Wiki hii chagua kitu kimoja unachokinunua kila siku. Kipime, kigawanye, tafuta jirani mmoja wa kuchanga naye, kisha jilipishe bei ya zamani. Ukishatangulia wiki moja, utanisamehe yale niliyosema miezi mitano iliyopita.

Hadi juma lijalo, kwaherini.